Hatua ya Kwanza

Swali lilisema: kompyuta ya mteja haiwaki kabisa, fundi aanze na nini? Mwajabu alichagua "kuangalia kama umeme upo", na mtihani ukamwambia amekosa. Alifeli kwa swali hilo moja. Bila cheti cha kampuni inayotengeneza mashine hizo, kazi ya ufundi aliyoahidiwa hospitalini ingekwenda kwa mwingine.

"Jibu sahihi ni kumpigia simu wakala aliyeidhinishwa," alisema Shitindi, msimamizi wa mtihani, akinyoosha tai yake.

"Kaka, katika mji huu? Ambako umeme hukatika hujamaliza hata kuusifu?"

"Dada yangu, mtihani umetungwa ng'ambo. Huko umeme haukatiki."

"Basi na kazi wanipe huko huko! Mashine mtuuzie sisi, halafu mtutahini kwa umeme wa watu wengine?" Mwajabu alipiga meza kwa kiganja. "Hamna hata haya!"

"Kanuni ni kanuni, dada. Utarudia mwakani."

Kabla hajamjibu, pangaboi lilianza kupunguza mwendo, na kompyuta zote chumbani zikazimika kwa pamoja. Shitindi akabonyeza kitufe cha kuwashia. Akabonyeza tena, safari hii kwa kidole gumba.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "haiwaki."

Mwajabu akatupia mkoba begani. "Mpigie wakala."

Mlangoni aligeuka. Shitindi alikuwa ameweka simu sikioni, tai imelala juu ya kibodi, na pangaboi juu ya kichwa chake likimalizia mzunguko wa mwisho.