Re ya Mwisho

Asubuhi hiyo Elkana, mwalimu wa kwaya, alipiga kinanda kwa noti zilezile za siku zote, do re mi fa so la ti, ila alianzia re na kuishia re. Hakuongeza noti wala kupunguza, lakini huzuni ikaingia, na kila alipofika re wimbo ulitulia kama mtu aliyefika kwake.

Akafungua daftari la zamani la kwaya. Kwenye wimbo ambao Foibe, mwanakwaya wake wa zamani, aliurithi kwa bibi yake, kalamu nyekundu ya Elkana mwenyewe ilikuwa imeikata re ya mwisho na kuandika do juu yake. "Wimbo lazima urudi nyumbani, kwenye do," alikuwa amemwambia Foibe siku ile mbele ya wenzake, nao wakacheka.

Hakunywa hata chai. Alilichukua daftari akaenda kwa Foibe, akamkuta uani akianika nguo.

"Dada Foibe, nilikukosea. Wimbo wa bibi ulikuwa sahihi. Niimbie kama alivyouimba yeye."

"Mwalimu nawe! Mambo ya miaka yote hiyo?"

Lakini alifuta mikono kwenye kanga, akaimba. Elkana alifumba macho akiisubiri re.

Sauti ikashuka taratibu, ikaipita re, ikatua kwenye do.

"Mwisho wa bibi, Dada. Ule wa zamani."

Foibe akajaribu tena. Do.

"Si ndio huo?" akauliza, akitabasamu. "Hata wajukuu nimewafundisha hivyohivyo."

Elkana alikuwa ameshika daftari, kidole kikiusugua ule wino mwekundu.