Faru Aitwaye Wakesho

Tangu sheria ile ipite, kila faru wa hifadhi alipewa jina la marehemu wa kijiji jirani, maana nani angethubutu kumuua mtoto wa jirani mara ya pili? Nyumba iliyofiwa ilipewa kisanduku cha kusikilizia mapigo ya moyo wa faru wake. Sharti lilikuwa moja tu: faru asiitwe kwa jina.

Mama Wakesho alivumilia miezi miwili. Kisanduku kilidunda juu ya kabati la vyombo, naye akisonga ugali alikijibu, "Nakusikia, mwanangu." Halafu uvumilivu ukamwisha. Kila asubuhi akawa anakwenda kwenye uzio na konzi ya chumvi, anaita, "Wakesho, uuu!" vile vile alivyokuwa akimwita bintiye atoke mtoni. Faru akajifunza kuja.

Jumanne moja kisanduku kilinyamaza. Mama alikipiga makofi, akabadilisha betri. Kisha Mghanga, askari wa wanyamapori, akabisha hodi, kofia mkononi.

"Pole, mama. Majangili."

"Walimkimbiza?"

Mghanga alitazama chini. "Hapana. Wachungaji walisikia mtu akiita jina. Faru alikuja mwenyewe, mama, taratibu, mpaka kwenye uzio. Tumekuta chumvi."

Mama hakulia. Aliepua sufuria, ugali haujaiva.

"Jana alizaliwa ndama wa faru," Mghanga alisema. "Una haki ya kumpa jina."

Mama alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Mpeni lolote," alisema hatimaye, "ila mimi msinitajie."