Futa Jina la Mke Wangu

"Nani aliwaruhusu kuuza jina la mke wangu?"

Kiganja kilitua juu ya kaunta, kalamu zikaruka. Karani wa huduma kwa wateja akaziokota. Huyu alikuwa mtu wa nne wiki hiyo kuja kufoka, na wote walikuwa na haki.

"Ni fundi cherehani. Alijisajili kwenye tovuti yenu anunue uzi na zipu, basi!" Mwanamume alitikisa simu yenye kioo kilichopasuka. "Simu yake hii hapa. Haipumziki! Wauza dawa za kupunguza tumbo, watu wa bahati nasibu, sijui waganga. Wote wanamwita kwa jina, utadhani walicheza naye utotoni!"

"Waambie, baba!" bibi mmoja akadakia kwenye foleni. "Kikulacho ki nguoni mwako!"

Karani aliona aibu, kisha hasira. Wakubwa wake huko ghorofani walikuwa wakigawa majina ya wateja kama karanga, na matusi yakimshukia yeye. Leo liwalo na liwe, angalau mwanamke mmoja angepona.

"Pole sana, kaka. Nitamfuta kabisa. Mwenyewe hakuja?"

"Amechoka. Hataki hata kuiona simu hii."

"Basi natuma namba ya uthibitisho."

Simu ikalia mkononi mwa mwanamume. Akasoma tarakimu sita bila kukosea, kompyuta ikakubali.

"Nihakikishe tu kama ndiye. Mzigo wake wa mwisho ulipelekwa nyumba namba kumi na nne, nyuma ya kiwanda cha magodoro, chumba cha juu. Ndiyo hapo?"

Mwanamume aliishusha simu. Hasira yote ilimtoka usoni.

"Hapo hapo," alisema polepole. "Asante, dada. Umenisaidia sana."

Akaondoka bila kusubiri karatasi ya kuthibitisha kwamba jina limefutwa. Bibi alimpisha, akatikisa kichwa. "Wanaume wa kuwajali wake zao hivi wamebaki wachache."

Karani alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo, akapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Hapo ndipo alipoona maneno ambayo mteja alikuwa amemwandikia mpeleka mizigo, chini ya anwani:

"Tafadhali usipige namba hii. Nilipokimbia, simu ilibaki kwa mume wangu. Usimwambie mtu yeyote ninapoishi."