Kikombe cha Karamu

Mbarouk, aliyeimba opera katika majumba makubwa ya ng'ambo hadi pombe ikamrudisha nyumbani, alisimama jukwaani na kikombe cha shaba, akiimba wimbo wa karamu. Kwenye mazoezi walikuwa wakitia juisi ya rozela. Leo harufu ilimpiga puani: divai halisi!

Akamtupia jicho Bi Mwanahawa, mtunza vifaa, pembeni mwa pazia. Mama wa watu alitabasamu kwa fahari. Mwimbaji wa ng'ambo anyweshwe juisi? Hakuna aliyemwambia kuwa Mbarouk ameacha pombe.

Wimbo ukiisha, sharti anywe. Mbarouk akaishika noti ya juu, akaivuta, akaivuta, huku akimsogelea Kitwana, aliyeigiza adui yake, akamkabidhi kikombe. Kitwana, akidhani ni juisi, akagugumia yote. Macho yakamtoka pima.

"Rudia! Rudia!" ukumbi ulilipuka.

Bi Mwanahawa akatokea mbio na chupa. "Lete nikuongeze, mwanangu!"

Mbarouk akacheka, akakichukua kikombe kitupu, akakivaa kichwani kama kofia, kisha akaanza upya. Bi Mwanahawa akabaki ameinua chupa, asijue amimine wapi.