Vidole Gumba vya Taqiya

Mito yote ya chumba cha juu ilikuwa imesukumizwa madirishani, mchana wa jua kali, na Taqiya alikuwa akiuma midomo kwa maumivu ya vidole gumba.

"Tena," alisema mumewe, Muhsin.

Akarudia. Mkono wa kulia ulikwenda vizuri. Wa kushoto ulipofika pale pale pa jana na juzi, ukajikwaa.

"Mbuzi anashuka ngazi," Muhsin akasema, akihamisha miraa kutoka shavu moja kwenda la pili.

"Basi mchinje huyo mbuzi, tule, nipumzike!"

Wakacheka, lakini kwa chini. Mji mzima wa Sanaa ulicheka kwa chini tangu mtawala apige marufuku ala za muziki. Udi wa Muhsin ulivunjwa vipande kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, naye akachukuliwa. Aliporudi kutoka gerezani sauti yake ilikuwa ile ile, ila mkono wa kushoto haukukunja vidole tena. Na mwimbaji asiye na wa kumshikia mdundo ni ndoo isiyo na kamba. Ndipo Taqiya, ambaye miaka yote alikuwa wa kuleta kahawa na kurudi jikoni, akaanza kujifunza chombo alichoacha marehemu baba mkwe wake.

Kigumu hicho! Hakishikwi. Ukikikamata tu, kinakuwa bubu. Hukaa juu ya ncha za vidole gumba viwili, kikitikisika kama ndege asiyejua atue au aruke, na vidole vilivyobaki ndivyo vinavyokigusa. Mwanzoni kilimwangukia miguuni kwa kishindo, wakakaa roho juu wakisikiliza mtaa. Ngozi ikachubuka, ikapona, ikaota sugu. Asubuhi nyingine hata kifungo cha gauni kilimshinda. Lakini kila walipomaliza, hata kama alikosea mwanzo hadi mwisho, Muhsin alimwambia neno lile lile alilomwambia siku zote akipokea kikombe mkononi mwake: "Isalimike mikono yako."

Mlango wa chini ukagongwa. Haukugongwa kwa kiganja. Uligongwa kwa kitako cha bunduki.

Muhsin alisimama, akakaa, akasimama tena. "Safari hii hawatanirudisha," alisema, na mkono wake mzima ukaanza kuchomoa mito.

Taqiya alikuwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu. Akakimbilia jikoni akalifanya.

Walipanda askari wawili na mkuu wao, Naji, mtu mrefu, mpole wa kutisha, ndevu zimechanwa vizuri. Mjini walisema mtu huyo husikia uzi wa udi ukitetemeka mtaa wa pili. Hakuna aliyekamata ala nyingi kama yeye.

Askari walipasua magodoro. Wakamwaga mtama sakafuni. Wakachungulia ndani ya tanuri la mkate, wakagonga kuta kutafuta palipo wazi. Mmoja akaukamata mkono wa Muhsin uliolemaa, akazipapasa ncha za vidole akitafuta sugu za nyuzi.

"Laini kama za bibi harusi," akasema, akauachia.

Naji hakugusa kitu. Alikuwa akitazama dirisha la pembeni, ambako mto mmoja ulikuwa bado umebanwa.

"Huo mto dirishani wa nini?"

"Baridi, bwana," Muhsin akajibu.

"Baridi," Naji akarudia, akijipangusa jasho la shingo.

Taqiya akaingia, amejifunika, na kahawa ya maganda yenye tangawizi juu ya sinia. Vikombe viligongana njia nzima. Akaiweka mbele ya Naji.

"Karibu, bwana. Mgeni ni mgeni."

Naji hakutazama kahawa. Alitazama mikono.

"Vidole gumba vyako vimepatwa na nini, mama?"

"Kukanda mkate, bwana."

"Mke wangu anakanda mkate tangu tuoane. Sijamwona na sugu mahali hapo."

"Labda unga wake ni laini."

Askari mmoja akacheka. Naji hakucheka.

"Shukeni," akawaambia askari wake. "Pekueni zizi la punda, mpaka chini ya samadi. Asipande mtu mpaka niite."

Viatu vilishuka ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka havikusikika. Naji akaufunga mlango na kuusukumia komeo. Kisha akainama, akaanza kuokota mito sakafuni, mmoja mmoja, akaisukumiza madirishani na kuikandamiza kwa ngumi mpaka chumba kikawa giza.

Muhsin akaelewa. Mtu huyu hataki mayowe yatoke nje. Akasogea, akasimama mbele ya mkewe.

"Mwache huyu," alisema. "Mwimbaji ni mimi. Kosa ni langu peke yangu."

"Keti, mzee."

Muhsin akaketi. Naji naye akaketi. Akanywa kahawa yake taratibu, mpaka machicha. Akakitua kikombe sakafuni, halafu akaviondoa na vile vingine, bila haraka, akavipanga pembeni. Sinia la shaba likabaki tupu. Akalipangusa kwa mkono wa kanzu, akalinyanyua juu ya ncha za vidole gumba vyake viwili, na vidole vilivyobaki vikaanza kulinyeshea kama mvua ya kwanza.

Alipofika pale pale, mbuzi hakujikwaa.

"Wa kushoto usiuharakishe, mama," alisema, amefumba macho. "Wiki nzima nakusikia kutoka barabarani."

"Isalimike mikono yako," Taqiya akamjibu.