Hema Kwenye Njia ya Maji

Tumbili aliokota hema la watalii kwenye msitu wa misonobari, akawaita jirani zake wakapige kambi. Alichagua bonde la mchanga kati ya kijito na ziwa.

Fuko haoni, lakini husikia maji yakitembea chini ya ardhi. Akagoma. "Jamani, hapa ni njia ya maji. Tupande kilimani."

"Makubwa! Kipofu anatuchagulia kiwanja!" Tumbili akacheka.

Pimbi, aliyekuja na wanawe wawili, akadakia, "Mzee, acha nuksi."

Jioni mvua ikapiga huko juu, kijito kikafurika. Fuko alichimba chini ya hema, akamtoa mtoto mmoja wa Pimbi. Wa pili alichukuliwa na maji.

Asubuhi wakatafuta mwenye kosa, na hakimu akawa Tumbili.

"Fuko, sisi wenye macho hatukuona kitu. Wewe ulijuaje?"

"Niliyasikia."

"Mnamsikia? Kayaita mwenyewe!"

Fuko akamgeukia Pimbi, akingoja walau neno moja. Pimbi alimkumbatia mwanawe aliyebaki, kisha akaokota jiwe.

Fuko akazama ardhini. Hadi leo huyasikia maji kabla ya wote, huhama peke yake, wala habishi hodi kwa mtu.