Bomba Linalosoma Viganja

Kila asubuhi bomba la bafuni lilisoma kiganja kwanza, ndipo litoe maji. Salhina, mwenye selimundu kali, lilimpa ya moto. Kaka yake Mbaruku alikuwa na selimundu ile ile, ila alizaliwa na jeni inayoupoza ugonjwa, basi lilimpa ya baridi.

"Bibi, viungo vinaniuma," alisema Mbaruku, meno yakigongana.

"Mwenye ugonjwa mwepesi haumwi," bomba likajibu kwa upole.

Bi Nuru, bibi yao, akacheka. "Tangu lini bomba likajua uchungu wa mwana? Salhina, lete mkono, mama, tumjazie kaka yako."

Ndoo ikajaa, mvuke ukapanda.

Asubuhi iliyofuata bomba lilimtolea Salhina maji ya baridi. "Anayegawa ya moto haumwi sana. Nawe ni mwepesi sasa."

Bi Nuru akalifunga, akaenda uani kutafuta mafiga.